Mwadingusha: umeme tangu 1930, na njia ndefu ya watoto wetu kuelekea uinjinia



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, poda nyeupe inamwagwa vichwani mwa vijana waliopata diplome. Wamama wanapiga vigelegele, na baba anaanza kuhesabu franka za kumpeleka mtoto Lubumbashi au Likasi. Wengi wa watoto hao wanasema neno moja: nataka kuwa injinia. Lakini mwaka wa kwanza ukiisha, tunawaona baadhi yao wamerudi nyumbani kimya kimya. Hawakuwa wavivu, wala akili haikuwapungukia. Walivuka mto mahali ambapo zamani kulikuwa na daraja, na sasa hakuna. Leo tuieleze historia ya daraja hilo, kwa sababu anayejua jinsi lilivyobomoka anaweza kujua pa kuanzia kulijenga upya.

Baraji lilikuja kabla ya shule

Kituo chetu cha umeme kilianza kufanya kazi mwaka wa 1930, kwenye maporomoko ya mto Lufira ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet, kwa jina la mtaalamu wa mawe Jules Cornet. Kituo chenyewe walikiita Francqui, kwa jina la tajiri mkubwa wa Ubelgiji wa wakati ule. Nyuma ya baraji maji yakatanda, likazaliwa ziwa la Tshangalele, ambalo hadi leo linalisha wavuvi na walanguzi wa samaki. Umeme ulikuwa na kazi moja iliyojulikana: kuendesha viwanda vya shaba vya Union Minière. Kiwanda cha Shituru, kule Likasi iliyoitwa Jadotville, kilifunguliwa mwaka wa 1929, na shaba haiwezi kusafishwa kwa njia ile bila umeme mwingi usiokatika.

Baadaye kikafuata kituo cha Koni, chini kidogo kwenye Lufira ileile. Halafu, katika miaka ya 1950, vikajengwa Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Kwa hiyo kabla ya uhuru Katanga ilikuwa tayari na vituo vinne vikubwa vya umeme wa maji. Sehemu chache za Afrika ziliweza kusema hivyo.

Je, nani aliweza kuvipigia hesabu? Hapo ndipo historia inauma. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi, badala ya kuwachukua kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Kambi zilipata shule, chini ya wamisionari. Watoto walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na dini. Waliofanya vizuri walipelekwa katika ufundi: useremala, ufuaji chuma, kurekebisha injini, kuvuta nyaya. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville mwaka wa 1911, nao walifundisha ufundi, na mikono mingi mizuri ya Katanga ilitoka kwao.

Lakini ufundi una mpaka wake. Fundi aliambiwa fungua valvu hii, funga ile, sikiliza mashine ikibadilisha sauti. Hakuonyeshwa hesabu inayosema kwa nini. Hesabu ilikaa katika ofisi, na ofisi ilikuwa ya Mzungu. Babu zetu waliijua turbini kwa sikio kuliko mtu yeyote, lakini karatasi yenye mchoro wake hawakufunguliwa. Kwa miaka 30 ya kwanza ya kituo hiki, elimu ya kati, yaani ile inayomtoa mtoto kwenye kuhesabu vitu na kumfikisha kwenye aljebra, ilikosekana karibu kabisa kwa mtoto Mwafrika.

Mwaka wa kuandaliwa

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1954. Waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alianzisha shule za serikali zisizo za misheni, na baadhi ya sekondari zikaanza kupokea watoto weusi pamoja na weupe. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Chuo Kikuu cha Elisabethville, mama wa UNILU yetu, kiliundwa kwa amri ya mwaka wa 1955 na kufungua milango mwaka wa 1956.

Walimu wa Lovanium walikutana mara moja na tatizo ambalo tunalo hadi leo. Vijana waliokuja walikuwa na akili na hamu, lakini sekondari walizotoka hazikuwapa vyote vilivyohitajika. Chuo hakikuwafukuza, wala hakikujifanya kana kwamba hakioni pengo. Kiliweka mwaka wa maandalizi kabla ya masomo yenyewe, ambapo kijana alirudia hesabu, sayansi na lugha, hadi aweze kusimama sawa na mwenzake aliyetoka shule kamili.

Tusidhani mwaka huo ulikuwa dawa ya Mwafrika peke yake. Huko Ubelgiji kwenyewe, kwa miaka mingi, kijana aliyetaka kuwa injinia hakuweza kuingia kwa diplome ya sekondari tu. Alifanya kwanza mtihani wa pekee wa hesabu, na wengi walitumia mwaka mzima kujiandaa. Waliojenga mabaraji yetu walipita katika mlango huo. Kwa hiyo mtu akimwambia mtoto wako kwamba kuhitaji maandalizi ni aibu, mwambie kwamba hata Mzungu aliyechora Mwadingusha aliandaliwa.

Hata hivyo, wakati ulikuwa mfupi mno. Tarehe 30/6/1960 uhuru ulipokuja, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Hakukuwa na daktari wa dawa hata mmoja. Vituo vya umeme na migodi ya Katanga vilibaki mikononi mwa mainjinia wageni. Vita vya kujitenga kwa Katanga, tangu 1960 hadi Januari 1963, vilifika hadi Jadotville na madaraja ya Lufira. Walimu wengi Wabelgiji waliondoka, na shirika la UNESCO likatafuta wengine kila pembe ya dunia. Wengi walitoka Haiti. Wazee wetu waliosoma miaka ile bado wanawakumbuka walimu hao weusi waliosema Kifaransa kwa lafudhi ya visiwa.

Miaka ya kupanda na miaka ya kushuka

Mwaka wa 1967 mambo mawili yalitokea ambayo yanagusa kila nyumba ya jimbo hili. La kwanza, Union Minière ilitaifishwa, na kampuni mpya ikazaliwa ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. La pili, serikali ilianzisha mtihani mmoja wa mwisho wa sekondari kwa nchi nzima, huu tunaouita Exetat. Mwaka wa 1970 SNEL nayo iliundwa kushika umeme wa taifa.

Gécamines ilihitaji mainjinia wa nchi, na kwa muda ilijenga ngazi ya kuwapata. Ilikuwa na shule zake za msingi na za sekondari, shule za ufundi na vituo vya mafunzo. Mtoto wa mfanyakazi aliweza kutoka katika kambi, kupata kitabu na maabara, kwenda UNILU, kufanya mazoezi ya likizo kiwandani na kurudi akiwa injinia wa madini au wa umeme. Mwaka wa 1971 vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, vikaachana tena mwaka wa 1981. Mchanganyiko huo ulileta fujo zake, lakini ngazi ya Gécamines iliendelea kusimama. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo iligeuka kuwa chaki na madawati.

Halafu kukaja kushuka. Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku katika kampasi ya Lubumbashi, na damu ilimwagika. Septemba mwaka huohuo mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka. Uzalishaji wa Gécamines ulianguka hadi kuwa chini ya sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Walimu wakakosa mshahara miezi na miezi, na wazazi wakaanza kuchanga fedha ili mwalimu aendelee kuingia darasani. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kwa mtoto wa kambi, siku hiyo haikuondoa mshahara wa baba peke yake. Iliondoa shule, kitabu na maabara pia.

Kati ya matukio hayo kuna moja ambalo hatupendi kulisema, nalo ni lazima tuliseme. Mwaka wa 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala siku nyingi katika kituo cha treni cha Likasi wakingoja behewa. Wengine walikufa hapo na njiani. Pamoja na uchungu wa familia zile, jimbo lilijikata mkono lenyewe, kwa maana wengi waliofukuzwa walikuwa walimu wa hesabu, mafundi na mainjinia. Mwalimu wa fizikia hatokei kwa mwaka mmoja. Darasa lililobaki bila mwalimu lilitoa vijana ambao leo ndio walimu, nao wanafundisha kile walichokipata.

Baadaye vita vikapita upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo watu waliliita pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa na familia zikatembea na mizigo kichwani. Mtoto wa safari hiyo alipoteza miaka miwili au mitatu ya darasa, na mara nyingi makaratasi yake yote.

Pengo liko wapi hasa

Tukiijua historia hii, tunaweza kuliona pengo bila kumlaumu mtoto. Liko mahali pa nne.

Kwanza, namna ya kujibu. Mtihani wa serikali unamtaka mwanafunzi achague jibu moja kati ya yaliyoandikwa. Ni njia nzuri ya kusahihisha karatasi nyingi kwa haraka. Lakini chuo kikuu kinataka njia yote: umeanzia wapi, kanuni gani umetumia, kwa nini umefika hapo. Kijana aliyezoea kubahatisha au kuchuja majibu anajikuta mbele ya karatasi tupu.

Pili, lugha. Mtoto wetu anaanza shule kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinashika nafasi. Wengi wanaanguka katika swali la fizikia kabla hawajaifikia fizikia, kwa sababu hawakuelewa swali linataka nini.

Tatu, mgawanyiko wa sekisioni. Aliyetoka sekisioni ya sayansi anaijua aljebra kidogo, lakini hajawahi kuchora kipande cha mashine wala kushika chombo cha kupima umeme. Aliyetoka shule ya ufundi anajua kuchora na kushika, lakini hesabu yake iliishia njiani. Wote wawili wanaingia mwaka wa kwanza wa politekniki, kila mmoja na nusu ya mzigo.

Nne, wakati. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD. Zamani kulikuwa na miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Sasa kuna mitatu ya lisansi na miwili ya masta, na masomo yamekatwa katika mihula. Muhula ni mfupi. Anayeanza kwa kuchechemea anafikia mitihani kabla hajajua wenzake wako wapi.

Wengine walifanyaje? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuweka kozi ya maandalizi kwa wasichana waliokaribia tu pointi za kuingia sayansi na uinjinia. Walisoma hesabu na fizikia, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia pamoja na wenzao. Vyuo vya Afrika Kusini vina programu ambapo mwanafunzi aliyetoka shule dhaifu anapewa mwaka mmoja zaidi, bila kuitwa mjinga. Ni wazo lilelile la Lovanium ya 1954: pengo linapimwa, kisha linajazwa.

Turbini kama mwalimu

Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo kuna miezi kadhaa. Mara nyingi kijana huitumia kungoja. Kijiji kama chetu kinaweza kuigeuza kuwa mwaka mdogo wa maandalizi, na vifaa viko mbele ya macho.

Tuchukue mfano. Maji ya mita moja ya ujazo yana uzito wa kilo 1,000. Yakianguka mita 100 kila sekunde, nguvu yake ni 1,000 mara 9.81 mara 100, yaani wati 981,000, au kilowati 981. Turbini na jenereta havichukui yote. Tuseme vinachukua sehemu tisa kwa kumi, tunabaki na kilowati 883 hivi. Kituo chetu kina turbini sita, na baada ya marekebisho yaliyokamilika mwaka wa 2021 uwezo wake ni megawati 78. Kijana agawanye: kila turbini ni megawati 13. Kisha ajiulize: kwa mita 100, ni maji kiasi gani yapite katika turbini moja kila sekunde? Agawanye 13,000 kwa 883. Anapata mita za ujazo karibu 15. Halafu aende kuutazama mto wakati wa kiangazi na aulize kama maji hayo yapo.

Katika hesabu hiyo moja kuna vipimo, uzito, nishati, asilimia, mgawanyo na swali la kweli. Akiiandika kwa Kifaransa, hatua kwa hatua, kwenye daftari, amefanya kazi ya chuo kikuu kabla hajalipa hata franka moja. Akimweleza mdogo wake kwa Kiswahili, ameielewa.

Mpango unaweza kuwa hivi. Majuma mawili ya kwanza yawe ya aljebra: sehemu, ekwesheni, vipeo, logaritimu. Mawili yanayofuata ya trigonometria na vekta, maana nguvu zote za fizikia zinavutwa kwa mishale hiyo. Kisha fankisheni na derivata, polepole. Kila siku swali moja lisomwe kwa sauti kwa Kifaransa na kuelezwa kwa maneno ya nyumbani. Kila juma mchoro mmoja kwa rula na penseli. Wa sayansi akae na wa ufundi kwenye benchi moja, mmoja afundishe hesabu na mwingine mchoro. Mafundi waliostaafu SNEL na Gécamines bado wako kati yetu. Wazee hawa hawahitaji mshahara mkubwa ili waeleze kwa saa moja kwa nini mashine hutetemeka. Wanahitaji kuombwa kwa heshima, na kiti.

Wasichana wasiachwe nyuma ya sufuria saa za masomo. Familia ikipanga kazi za nyumbani kwa zamu, saa mbili za jioni zinapatikana.

Kwa familia zilizokimbia, neno la pekee. Elimu ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inadai, na makaratasi yanadaiwa pia. Andikeni leo, mahali pawili tofauti, jina kamili la mtoto kama lilivyokuwa shuleni, jina la shule, sekisioni, mwaka, na namba ya mtihani kama mnaikumbuka. Mtafuteni prefe au mwalimu wa zamani, hata kwa simu ya jirani, awe shahidi. Mtoto aliyekaa miaka miwili bila darasa asipelekwe moja kwa moja katika uinjinia kwa haraka ya kufidia wakati. Ampate kwanza mwenzake wa kujisomea naye. Njia ya INPP, iliyopo tangu 1964 kwa mafunzo ya kazi, nayo ni mlango. Fundi mwenye hesabu anaweza kupanda baadaye.

Nani atakuja 2051?

Marekebisho ya Mwadingusha yaligharamiwa na Ivanhoe na washirika wake wa mgodi wa Kamoa-Kakula, pamoja na SNEL. Wataalamu wa Stucky ya Uswisi na Andritz ya Austria walikuwa kati ya waliofanya kazi. Hatuna ubaya nao. Kazi yao inaonekana. Lakini baraji lilikuwa na umri wa miaka 91 mashine mpya zilipokamilika, na bado utaalamu mkuu ulitoka Ulaya, kama mwaka wa 1930. Mashine hizi nazo zitazeeka. Zikifika miaka 30, tutakuwa mwaka wa 2051. Injinia atakayezifungua siku hiyo tayari amezaliwa. Pengine yuko darasa la nne hapa Mwadingusha, au analala chini ya turubai akingoja amani ya kijiji chake.

Nyaya zinapita juu ya nyumba nyingi ambazo bado zinawasha kibatari. Hilo ni deni la wakubwa, nasi tutaendelea kulidai. Aljebra ya jioni haingoji deni hilo lilipwe. Benchi moja, ubao mmoja na mzee mmoja anayejua vinatosha kuanza, na wiki hii haijaisha.